Jino Kunyamaza Si Kupona: Mwongozo wa Tiba ya Mzizi kwa Mkazi wa Liwatoni

Ukiumwa na jino usiku hapa Liwatoni, Mombasa, safari yako huwa na vituo vinavyojulikana. Cha kwanza ni jikoni: karafuu ya kutafuna, maji ya chumvi ya uvuguvugu. Cha pili ni duka la dawa: "Mwanangu, nipe rangi mbili za jino," na vidonge viwili vitatu vya kusukumia siku. Cha mwisho, pengine baada ya miezi, ni kiti cha daktari wa meno, na mgonjwa huketi akiwa na ombi moja tu: "Daktari, niondolee."

Dawa ya jino ni kung'oa, husema watu, na kwa karne nyingi ilikuwa kweli kwa sababu hapakuwa na dawa nyingine. Leo ipo. Jino lililooza hadi ndani, hata lililofanya usaha, mara nyingi laweza kusafishwa ndani ya mizizi yake, likajazwa, likafunikwa, na likaendelea kutafuna kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo tiba ya mzizi wa jino, au ruti kanali kama isemwavyo katika kliniki za mjini.

Kabla ya yote, shika neno hili: jino kunyamaza si kupona. Jino bovu hunyamaza mara mbili. Mara ya kwanza ni pale kiini chake kinapokufa. Mara ya pili ni baada ya ziara ya kwanza kwa daktari. Katika nyakati hizo mbili ndipo wengi wetu hupoteza meno yaliyokuwa bado ya kuokolewa.

Kinachotokea ndani ya jino

Nje, jino lina gamba jeupe la enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwa binadamu. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini kidogo. Katikati kabisa kuna uwazi wenye kiini cha jino, yaani nyama laini, neva na mishipa ya damu, ambacho wengi hukiita mshipa wa jino. Kiini hicho hushuka kupitia njia nyembamba hadi ncha ya mzizi, ndani ya mfupa wa taya.

Hakuna mdudu anayetambaa jinoni. Kuna bakteria wasioonekana kwa macho, ambao hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa enameli. Ndiyo maana mabuyu, kashata, soda, na chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima huumiza meno kuliko haluwa iliyoliwa mara moja baada ya chakula. Kila tonge la sukari huamsha asidi upya, na jino hukosa muda wa kujirekebisha. Anayetafuna muguka au miraa huku akiilainisha kwa bigijii na soda huyaweka meno yake katika hali hiyo kwa saa nyingi mfululizo.

Uozo ukiwa bado kwenye enameli, husikii kitu. Ukifika kwenye dentini, maji ya baridi huanza kuchoma. Ukikifikia kiini, kiini huvimba, lakini kiko ndani ya kuta ngumu na hakina pa kutanukia. Hapo ndipo maumivu hupiga kwa mapigo ya moyo, na huzidi ukilala kwa kuwa damu huenda kichwani kwa wingi zaidi.

Kisha siku moja maumivu hukoma. Mtu hushukuru, hula mahamri na mbaazi kwa upande uleule, na husahau. Kumbe kiini kimekufa. Bakteria sasa wanaishi katika jino lisilo na damu, na kupitia ncha ya mzizi wanaanza kuula mfupa. Baada ya wiki, miezi au hata miaka, jipu hutokea.

Huna sababu ya kuona haya kwa kuwa na jino la namna hii. Katika Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Kinywa wa Kenya, ambao ripoti yake ni ya 2015, kiasi cha thuluthi moja ya watu wazima waliochunguzwa walikuwa na meno yaliyotoboka. Duniani, Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyooza na hayajatibiwa.

Dalili za kukupeleka kwa daktari wiki hii

- Maumivu yanayobaki dakika nzima au zaidi baada ya kunywa kitu cha moto au cha baridi.
- Maumivu yanayokuja yenyewe bila kuguswa, hasa usiku.
- Jino linalouma ukilibana au ukiligonga kwa ukucha.
- Jino lililogeuka rangi kuwa kijivu au hudhurungi, hasa la mbele lililowahi kugongwa.
- Kijipu kidogo kwenye fizi kinachotoa usaha, kikakauka, kikarudi. Hakiumi sana kwa sababu usaha umepata mlango wa kutokea, lakini ugonjwa uko palepale.
- Jino lililouma sana mwezi uliopita, na sasa kimya kabisa.

Dalili zisizongoja asubuhi

Uvimbe ukipanda hadi kufunga jicho, ukishuka chini ya kidevu au shingoni, au wewe ukishindwa kumeza mate, kufungua mdomo au kupumua vizuri, au ukapata homa kali na kutetemeka, hiyo si shughuli ya kliniki ya kesho. Usaha wa gego la chini unaweza kuingia chini ya ulimi na kuziba koo, na watu hufa kwa hilo. Nenda usiku huohuo kitengo cha dharura cha hospitali kubwa. Kwa mkazi wa Liwatoni, ya umma iliyo karibu ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wazee bado huiita Makadara. Ni mwendo mfupi kwa tuktuk.

Ukingojea siku ya miadi

Parasetamoli husaidia. Kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ibuprofeni hutuliza uvimbe vizuri zaidi, lakini iepuke ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo, au ujauzito. Na kwa kuwa Mombasa imekumbwa na milipuko ya homa ya dengi mara kadhaa, ukiwemo ule wa 2021, ukiwa na homa, maumivu ya viungo na uchovu usioelezeka, acha ibuprofeni na aspirini mpaka upimwe, maana dengi ikichanganyika na dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Usiweke kidonge cha aspirini juu ya fizi. Ni asidi, na huunguza nyama ikabaki nyeupe na kidonda.

Karafuu ina ukweli wake. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo hutia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengenezea vizibo vya muda. Tone moja kwenye pamba, juu ya tundu, kwa dakika chache latosha. Mafuta makali yakikaa sana huchubua fizi. Karafuu itakupa usingizi wa usiku mmoja, lakini haifiki ndani ya mzizi.

Na rangi mbili, yaani vidonge vya antibiotiki? Antibiotiki husafiri kwa damu, na jino ambalo kiini chake kimekufa halina damu inayoingia. Dawa hupunguza uvimbe ulioenea nje ya jino, kisha bakteria waliobaki ndani huanza upya. Daktari huzitoa pale panapokuwa na homa, uvimbe unaoenea, au mwili dhaifu, na hata hapo ni za kusaidia kazi ya mikono. Kununua vidonge vitatu leo na vinne wiki ijayo hufundisha bakteria kuishi na dawa.

Kumchagua daktari na kuuliza bei

Kliniki za meno kisiwani ni nyingi, kuanzia Ganjoni na Kizingo hadi Barabara ya Moi kuelekea Mapembeni. Jambo la kwanza si jengo wala kiyoyozi. Ni leseni. Kila daktari wa meno nchini Kenya anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na kuhuisha leseni yake kila mwaka. Tovuti ya baraza hilo ina orodha ambamo unaweza kutafuta jina la daktari kwa simu yako kabla hujapanda tuktuk. Leseni hutakiwa pia kubandikwa ukutani mahali unapoiona. Fundi wa kutengeneza meno bandia si daktari wa kutibu mzizi, hata awe na mkono mzuri namna gani.

Bei hutofautiana sana, na sababu kubwa ni idadi ya njia zilizomo ndani ya jino. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina njia moja. Gego la chini mara nyingi lina tatu. Gego la juu lina tatu, na mara nyingi ya nne iliyojificha. Gego basi huchukua muda mrefu zaidi na hugharimu zaidi. Uliza maswali haya mapema, na uombe majibu yaandikwe:

1. Bei hii ni ya jino zima au ya kila ziara?
2. Picha za eksirei zimo ndani yake?
3. Kizibo cha kudumu kimo?
4. Kofia ya jino ni bei gani, na nitaihitaji lini?
5. Mtatumia mpira wa kutenga jino?
6. Naweza kulipa kwa awamu?

Ukiwa umejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, uliza kituo kama kimo kwenye mpango huo na kama tiba hii inalipiwa, kabla sindano haijaingia. Mwenye bima ya kazini, hasa wafanyakazi wa bandari na kampuni za meli, aulize kiwango cha meno cha mwaka huu na kama barua ya idhini inahitajika. Hospitali ya umma huwa nafuu, ila jiandae kwa foleni, na ufike mapema.

Utakapoketi kitini: hatua kwa hatua

*Kuchunguza.* Daktari atakuuliza, atagonga jino, huenda atagusisha kitu cha baridi, na atapiga eksirei. Usikubali jino ling'olewe wala litobolewe bila picha. Picha ndiyo inayoonyesha mzizi, mfupa na kivuli cheusi cha usaha kwenye ncha. Hapa ndipo pa kusema yote: "Daktari, nina presha, na dawa ninazomeza ni hizi." Zibebe dawa zenyewe mfukoni.

*Ganzi.* Sindano ni ya dakika moja. Jambo usilolijua huenda likakutisha: jino lililovimba ndani hukataa ganzi, kwa sababu nyama yenye uambukizi ina asidi inayodhoofisha dawa. Gego la chini ndilo sugu zaidi. Ukisikia maumivu, inua mkono. Daktari ataongeza dawa mahali pengine au ndani ya jino lenyewe. Kuvumilia hakukupi sifa wala hakumsaidii yeye.

*Mpira.* Karatasi nyembamba ya mpira, mara nyingi ya buluu au kijani, hutobolewa tundu moja na kuvishwa juu ya jino, ikashikwa kwa kibanio cha chuma. Utaona mdomo wako umefunikwa na jino moja tu limechomoza. Njia hii ilianzishwa na Sanford Barnum huko New York mwaka 1864, na hadi leo hakuna iliyoishinda. Huzuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye mzizi, na huzuia vyombo vidogo na dawa visiende kooni mwako. Ukiwa na mzio wa mpira, sema. Ipo ya aina nyingine.

*Kusafisha.* Huu ndio moyo wa kazi. Daktari hutoboa juu ya jino, hukitoa kiini, kisha hushika vitupa vyembamba vya chuma vyenye vishikio vya rangi. Kila rangi ina namba yake: zambarau ni 10, nyeupe 15, njano 20, nyekundu 25, buluu 30. Namba 10 maana yake ncha ina upana wa milimita 0.10, na huingia mahali ambapo uzi wa kushonea haupiti. Kwenye kila kitupa kuna kiduara kidogo cha mpira. Daktari hukisogeza hadi urefu aliopima, ili asiivuke ncha ya mzizi. Urefu wenyewe hupimwa kwa eksirei au kwa kifaa cha umeme kinacholia ncha inapokaribia. Huanza na kitupa chembamba, huenda kwenye kinene, na njia hupanuka kidogo kidogo.

Kati ya kitupa na kitupa, njia huoshwa kwa sodiamu haipokloriti. Utaitambua kwa harufu, maana ndiyo dawa iliyomo kwenye Jik ya kufulia. Chuma hufika mahali penye upenyo tu. Dawa hii huyeyusha mabaki ya nyama kwenye vipembe ambavyo kitupa hakivigusi. Kipimo chake na namna ya kuiingiza ni kazi ya daktari. Usijaribu nyumbani, maana ikipita ncha ya mzizi huunguza uso mzima.

*Dawa ya ndani.* Jino likiwa na usaha, daktari huweza kuziacha njia zikiwa na hidroksidi ya kalsiamu kwa wiki moja au mbili. Kwa kemia, ni chokaa iliyozimwa kwa maji, ileile iliyochomwa kwa matumbawe ikajenga nyumba za Mji wa Kale, na ileile inayopakwa kwenye jani la tambuu. Ukali wake ndio unaoua bakteria. Ya daktari ni safi na imepimwa. Ya tambuu haiingii tunduni.

*Kujaza.* Njia zikikauka, hujazwa gataparcha, utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Utomvu huohuo ulitumika katika karne ya 19 kuzifunika nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari, ikiwemo ile iliyofika Zanzibar mwaka 1879, kwa sababu maji hayaupenyi wala hauozi. Jinoni hufanya kazi hiyohiyo: kuziba, unyevu na bakteria wasipate pa kurudi. Picha ya mwisho huonyesha mstari mweupe unaofika karibu na ncha. Omba uonyeshwe.

Kazi yote huchukua ziara moja hadi tatu, kila moja kati ya dakika 45 na 90.

Kimya cha pili

Ziara ya kwanza ikiisha, neva iliyokuwa ikilia haipo tena. Siku mbili tatu jino litauma kidogo ukilibana, kisha litatulia. Na hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Mtu amerudi kazini Kilindini, pesa za ziara ya pili zimeingia kwenye karo, jino halimsumbui, na kizibo cha muda kinaonekana kizima. Anasema atarudi mwezi ujao.

Kizibo cha muda kimetengenezwa kwa wiki chache tu. Baada ya hapo huliwa, huvuja, na mate huingia kwenye njia zilizosafishwa kwa shida yote ile. Jino halitakuambia, kwa kuwa halina tena cha kusikia nacho. Utakapojua, itakuwa ni kwa jipu au kwa jino kupasuka, na mara nyingi hapo hakuna tena la kufanya ila kung'oa. Umelipa mara mbili, na jino umelikosa.

Kwa hiyo, kama huna pesa za safari nzima, usianze kimya kimya ukitumaini. Mwambie daktari. Anaweza kukupangia malipo, kukuelekeza hospitali ya umma, au kusafisha na kulifunga jino kwa kizibo imara zaidi huku ukijikusanya.

Kati ya ziara, tafuna upande wa pili. Wali wa nazi, mbaazi, samaki asiye na miba migumu, uji na madafu havina tatizo. Kaa mbali na mihogo ya kukaanga iliyokauka, njugu, bisi, barafu ya kutafuna na bigijii. Piga mswaki kama kawaida, pamoja na jino hilo. Rudi mara moja kizibo kikidondoka, uvimbe ukitokea, au maumivu yakizidi badala ya kupungua.

Kofia ni sehemu ya tiba

Gego lililotibiwa mzizi limepoteza sehemu kubwa ya ndani. Ni kama kifuu cha nazi iliyokwisha kukunwa: kwa nje kizima, kwa pigo moja vipande viwili. Ndiyo sababu magego, ambayo hubeba nguvu zote za kutafuna, huhitaji kofia au kizibo kinachofunika vilele vyake, kwa kawaida ndani ya wiki chache baada ya kujazwa. Kofia huweza kuwa ya chuma, ya kauri juu ya chuma, au ya zirkonia. Ya chuma haipendezi machoni lakini hudumu, na kwa gego la nyuma kabisa nani ataliona? Jino la mbele lenye tundu dogo mara nyingi hutosheka na kizibo cha kawaida.

Kazi ikifanywa vizuri na jino likafunikwa, zaidi ya meno 8 kati ya 10 hupona na kubaki. Mfupa ulioliwa hujijenga upya taratibu, hivyo rudi upigwe picha baada ya miezi 6 au mwaka.

Wenye hali zao

*Mjamzito.* Uambukizi ni hatari kwako na kwa mtoto kuliko tiba. Ganzi ya kawaida na eksirei yenye kinga huruhusiwa. Miezi ya 4 hadi 6 ndiyo rahisi zaidi kuketi kitini, lakini jipu halingojei mwezi.

*Mwenye kisukari.* Usaha hupandisha sukari, na sukari iliyopanda hulisha usaha. Kula na umeze dawa zako kama kawaida, na uchukue miadi ya asubuhi.

*Mwenye vali bandia ya moyo,* au aliyewahi kupata uambukizi wa moyo: sema kabla hujaguswa, huenda ukahitaji antibiotiki saa moja kabla.

*Aliyefunga.* Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997, lilihesabu kutoboa jino, kuling'oa na kusafisha meno miongoni mwa mambo yasiyobatilisha saumu, mradi mtu ajihadhari asimeze kinachofika kooni. Moyo usipotulia, muulize shekhe wako, au tafuta kliniki inayofungua baada ya futari. Jipu lenye homa ni ugonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake.

*Wa baharini.* Liwatoni ni mtaa wa wavuvi na mabaharia. Anayetoka kwa siku nyingi bahari kuu, au anayesubiri mkataba wa meli, apigwe picha ya meno yenye shaka kabla ya kuondoka, maana huko hakuna daktari. Mpiga mbizi asizame akiwa na kizibo cha muda. Hewa iliyonaswa jinoni hubanwa na kutanuka kwa kina cha maji, na huweza kulipasua jino.

*Mtoto.* Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na takriban miaka 6, nyuma ya meno ya maziwa, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la maziwa na huliacha lioze. Hilo halina mbadala. Hata jino la maziwa lenye usaha litibiwe, kwani jino la chini yake linaumbwa karibu hapo.

Pale kung'oa kunapostahili

Tiba ya mzizi si ya kila jino. Jino lililopasuka hadi chini ya fizi, lililobaki kipande kisichoweza kubeba kofia, au lililolegea kwa sababu mfupa umeisha, ni heri ling'olewe. Gego la mwisho lisilokutana na jingine pia mara nyingi halistahili gharama. Lakini jua kuwa pengo nalo lina gharama: meno ya jirani huinama, la mkabala hushuka, na daraja au meno bandia baadaye huweza kuzidi bei ya kuliokoa lile la kwanza.

Wazee wengine huonya kuwa kugusa chonge la juu huharibu jicho. Neva ya jino haifiki kwenye jicho. Usaha ulioachwa ndio unaoweza kulifikia. Wengine wamesikia kuwa jino lililotibiwa mzizi huleta maradhi mwili mzima. Aliyelieneza sana wazo hilo ni Weston Price, daktari wa meno wa Cleveland, Marekani, katika kitabu chake cha 1923. Bwana huyo mwaka 1935 alishuka Mombasa akaenda bara kuchunguza vyakula na meno ya watu wa Kenya. Onyo lake juu ya sukari na unga mweupe lilikuwa la maana. Majaribio yake ya mizizi, yaliporudiwa na wengine kwa usafi na vipimo bora, hayakuthibitika.

Kabla hujanyanyuka kitini

Hakikisha una vitu vitatu: tarehe ya ziara ijayo iliyoandikwa, nakala ya eksirei yako kwenye simu, na bei ya kofia uanze kuiwekea akiba leo. Nyumbani, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Mswaki wa mti ni mzuri na ni sunna, ila ufikishe nyuma na ndani ya magego, na dawa ya floridi usiiache.

Jino likikuuma usiku huu, kesho asubuhi tafuta picha. Na kama lilikuuma mwezi uliopita, likatulia lenyewe bila daktari, wewe ndiwe unayetakiwa kutangulia kwenye foleni.